Jiwe la Pili Juu ya Kona ya Mkuyuni

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Mwanza
Kuhusu: Ajali ya barabarani, kona ya Mkuyuni, barabara ya Shinyanga, tarehe 16/11/1994
Jina: Selina binti Ndalahwa
Umri: Miaka 38
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: Kuponda kokoto
Makazi: Mkuyuni, mlimani
Yameanza kuandikwa: Ijumaa tarehe 18/11/1994, saa 1:50 asubuhi

Naitwa Selina Ndalahwa. Nimekuja hapa kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nilipofika kaunta saa moja na nusu, jambo la kwanza nililolisema ni moshi. Nilisema kuna moto unawaka chini ya jiwe juu ya kona ya Mkuyuni, hatua kama mia mbili kutoka pale ilipotokea ajali ya juzi. Afande wa zamu aliniuliza mara mbili kama najua ninachosema. Nikamwambia nina miaka saba juu ya mlima ule. Askari wawili wameondoka na gari kwenda kufunga barabara, na nimewaambia wasizime moto kwa maji, wazime kwa mchanga, maana jiwe la moto likimwagiwa maji linapasuka palepale. Sasa nimekaa hapa na Afande Nathaniel anaandika. Redio ya upepo, ya kuongea na askari walioko nje, iko chumba cha pili na mlango uko wazi. Nikinyamaza katikati ya maneno afande anisamehe, nitakuwa nasikiliza.

Afande ameniambia nianzie mwanzo.

Naponda kokoto Mkuyuni tangu mwaka 1987, mwaka aliofariki mume wangu. Aliyenipeleka mlimani ni kaka yangu wa tumbo moja, Malimi Ndalahwa, ambaye nakisia ana miaka hamsini na mbili. Wazazi wetu walifariki nikiwa sijaanza shule, yeye ndiye aliyenilea kule Misungwi mpaka nikaolewa. Kaka hapondi, yeye hupasua. Mpasuaji hutafuta jiwe kubwa, hupanga magogo na matairi mabovu chini yake, huwasha moto na kuuacha siku nzima au mbili. Joto likishaingia, hupanda juu na nyundo na kabari za chuma, hugonga, na jiwe linaachana. Ndipo sisi wanawake tunapata vipande vya kuponda.

Zamani wateja walikuwa wachache. Tangu watu binafsi waruhusiwe kufanya biashara, viwanda vya minofu ya samaki vinajengwa kando ya ziwa, nyumba za wageni zinajengwa, maghala yanajengwa, na malori yanapanga foleni chini ya mlima kabla jua halijatoka. Mawe ya chini yamekwisha. Watu wamepanda juu, na wengine wamehamia upande unaotazama barabara, ambao hapo awali hakuna aliyeugusa. Hakuna aliyetukataza na hakuna aliyeturuhusu.

Upande huo kulikuwa na jiwe tulilokuwa tukiliita Dume, kwa sababu ukiwa barabarani ulikuwa unaona nundu yake na mgongo. Lilikuwa na ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili. Lilikuwa limekaa juu kabisa ya kona.

Mnamo Jumatatu tarehe 14 Novemba, saa mbili asubuhi, nilimwona kaka yangu Malimi akipanga matairi chini ya Dume. Nilikwenda nikamwambia, "Kaka, hili linatazama lami."

Akasema, "Napasua upande wa juu tu. Huu wa chini umeshikwa na mlima, hauendi popote."

Nikamwambia, "Na mvua hizi?"

Akanijibu, "Selina, nenda kaponde kokoto zako."

Nilikwenda nikaponda. Sikumwambia balozi, sikumwambia mtu yeyote. Ni kaka yangu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuona amekosea jiwe. Moto uliwaka Jumatatu na Jumanne. Jumanne tarehe 15, saa kumi na moja jioni, ilinyesha mvua kubwa ya nusu saa ikauzima.

Afande ameniuliza nani mwingine aliuona moto huo. Mlima mzima uliuona. Moshi wa matairi ni mweusi, hata madereva walikuwa wakiuona.

Mnamo Jumatano tarehe 16 Novemba, saa tatu asubuhi, nilifika sehemu yangu ya kazi, ambayo iko chini kidogo ya Dume, kando. Kaka alikuwa ameshapanda juu na alikuwa akigonga kabari. Nilisikia jiwe linalia. Naomba nieleze hapa, maana Sajenti Rwekaza, askari wa trafiki aliyekuja kwenye ajali, naye aliniuliza jambo hilo siku ile. Jiwe lililoshiba joto halafu likapoa hutoa sauti. Si sauti kubwa. Ni kama mtu anavunja vijiti vikavu ndani ya chungu kilichofunikwa. Hiyo siyo ya kuogopwa sana. Ya kuogopwa ni pale linaponyamaza ghafla. Likinyamaza, ondoka.

Saa nne kasoro dakika kumi lilinyamaza. Muda huo naujua kwa sababu jirani yangu mlimani, Chenge, anakuja na redio kazini, na walikuwa wametoka kutaja saa. Nilisimama nikamwita kaka kwa nguvu. Alinisikia, akaruka kwenda upande wa nyuma. Kisha Dume akaachana katikati.

Nusu ya juu ilibaki. Nusu ya chini, ile aliyosema imeshikwa na mlima, iliteleza taratibu mwanzoni, kama kitu kinachosukumwa na watu. Halafu iliruka. Iligonga ukingo wa barabara mara moja ikaangukia lami, ikalipata lori aina ya Isuzu lililokuwa likitokea upande wa Kigongo kuja mjini. Ililigonga upande wa dereva, ikalisukuma hadi mtaroni, nayo ikasimama katikati ya barabara. Lori lilikuwa limebeba sangara na barafu kutoka Sengerema. Samaki walimwagika lami nzima.

Mimi nilikimbia chini. Nilipofika, nyuma ya lori kulikuwa na basi la abiria kutoka Shinyanga, limesimama karibu sana, na dereva wake alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili bila kushuka. Upande wa mjini magari yalikuwa yakiendelea kufika na kupiga honi, maana waliokuwa nyuma hawakujua kuna nini. Wengine walidhani ni tetemeko. Watu walitoka majumbani. Wachache walikuja kusaidia, wengi walikuja na ndoo. Niliona mwanamke mmoja akiokota samaki hatua tatu kutoka kwenye mlango wa dereva, na ndani ya mlango ule mtu alikuwa akilia.

Dereva alikuwa peke yake. Kichwa na mikono vilikuwa salama. Miguu yake yote miwili ilikuwa imebanwa na dashibodi iliyorudi nyuma. Aliniambia anaitwa Antoni. Akasema, "Mama, usiondoke." Nikasema siondoki.

Kisha nikatazama juu.

Nusu ya juu ya Dume ilikuwa imeinama. Chini yake palikuwa na uwazi ambao mtu angeweza kupita akiwa amelala, na iliyokuwa imeizuia ni bapa moja la jiwe, nene kama tofali tatu. Kaka yangu alikuwa pale. Alikuwa akijaza uwazi ule mawe na kabari, haraka, kwa mikono. Alikuwa akifanya hivyo akiwa upande wa chini.

Saa nne na dakika kumi alifika Sajenti Rwekaza wa trafiki kwa pikipiki, amempakia konstebo mmoja. Saa zote nitakazozitaja kuanzia hapa ni za saa yake ya mkononi, kwa sababu alikuwa akizitamka kwa sauti ili konstebo aziandike. Alianza kwa kuwafukuza watu wa samaki. Hawakumsikiliza. Alisimamisha lori la kokoto akaagiza mnyororo, ili livute Isuzu itoke mtaroni.

Nilimwendea nikamwambia, "Shikamoo afande. Tafadhali usiliwashe lile lori."

Ni mdogo kwangu kiumri lakini nilimwamkia hivyo kwa sababu ya hofu. Hakuitikia. Aliniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Si ndugu wa dereva. Naponda kokoto pale juu. Kuna jiwe la pili. Injini ikinguruma hapa, jiwe linatikisika."

Aliinua macho. Alivua kofia yake nyeupe akaiweka juu ya tangi la pikipiki, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Litaanguka lini?"

Nikamwambia, "Sijui lini. Lakini dakika moja kabla nitajua."

Aliniuliza najuaje, nikamweleza habari ya sauti, kama nilivyoeleza hapa. Nilidhani atanicheka. Badala yake aligeuka akapiga kelele ambayo sijawahi kusikia kwa askari. Aliamuru magari yote yazime injini. Abiria wa basi walishushwa wakarudi nyuma kwa miguu, wengine wakiacha viatu. Konstebo alitumwa akimbie mpaka mwisho wa foleni upande wa mjini, asiruhusu hata baiskeli. Wenye ndoo aliwaambia lile jiwe la juu linakuja, na safari hii walimwamini, waliziacha ndoo na samaki. Katika dakika kumi hivi kona yote ilikuwa kimya. Sijawahi kuisikia barabara ile ikiwa kimya mchana. Nilisikia barafu ikidondoka matone kutoka kwenye lori.

Sajenti aliita kwa redio akaomba gari la kunyanyulia. Aliambiwa lipo, lakini litachukua saa mbili au tatu kufika. Akaniangalia. Nikatikisa kichwa.

Ndipo alipouliza, "Ninyi watu wa mlimani mnatoaje mtu aliyebanwa na jiwe?"

Nikamwambia hatunyanyui, tunachimba chini yake. Mtaro ule ulikuwa na udongo, na mvua ya Jumanne ilikuwa imeulainisha. Nilimwita Chenge na wenzake wanne, wakaja na mitaimbo na masururu. Walikubaliana kutogonga kitu. Kila kitu kilifanywa kwa kusukuma na kukwangua. Wanawake tulibeba udongo kwa karai. Sajenti alinitoa kwenye karai, akanisimamisha katikati ya lami mahali ambapo ningeweza kumwona kaka na kuwaona wachimbaji. Akasema, "Kazi yako ni kusikiliza. Ukiinua mkono tunaondoka wote. Ukiushusha tunarudi." Akawaambia wote maneno hayo hayo.

Afande ameniuliza nilijisikiaje. Nilijisikia nina masikio mabaya. Nilikuwa naogopa kupumua kwa sababu pumzi yangu mwenyewe ilikuwa inanipigia kelele.

Nilisikia vijiti vikivunjika ndani ya chungu, pole pole, mfululizo. Nilishukuru kila kimoja.

Saa nne na dakika thelathini na tano jiwe lilinyamaza. Niliinua mkono. Wote walikimbia hadi nyuma ya basi. Vijiwe vidogo vilishuka vikagonga bati la lori. Baada ya muda sauti ilirudi, nikashusha mkono, wakarudi.

Antoni hakuweza kuona juu, paa la lori lilikuwa limebonyea. Aliniita, "Mama, kwa nini wamekimbia?"

Nikasema, "Wanapumzika."

"Liko jiwe jingine?"

Nikasema, "Liko, lakini liko mbali." Nilimdanganya.

Mara ya pili niliinua mkono saa tano kamili. Wachimbaji walikimbia. Sajenti Rwekaza hakukimbia. Alibaki amepiga magoti mtaroni, mkono wake ameuingiza kwenye dirisha na Antoni ameushika. Sikuwasikia wakiongea. Nilitaka kumwita aondoke, lakini nilikuwa nasikiliza. Jiwe lilikaa kimya muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Halafu nilisikia sauti ya kaka yangu kutoka juu, kwa Kisukuma. Alisema bapa limesogea upana wa kidole na ameliwekea kabari mbili. Nikamtafsiria Sajenti.

Kisha kaka akasema tena kwa Kisukuma. Alisema, "Mwambie huyo askari moto niliuwasha mimi."

Sajenti aliniuliza, "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasema limetulia, turudi kazini."

Afande Nathaniel amesimamisha kalamu akaniuliza kama nataka hilo liandikwe. Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja.

[Hapa shahidi aliomba asimame mlangoni asikilize redio. Redio ilikuwa ikizungumzia jambo lingine.]

Saa tano na dakika ishirini Antoni alitoka. Udongo ulikuwa umeondolewa chini ya sakafu ya lori, Chenge akasukuma kwa mtaimbo, dashibodi ikashuka kidogo, na Sajenti akamvuta kwa makwapa. Alipiga yowe moja. Walimlaza juu ya turubai la lori wakambeba watu sita hadi upande wa mjini, lilikokuwa gari la polisi. Sajenti alitutaka sote tuondoke. Watu walianza kushangilia, nikawaomba wanyamaze.

Nilimwita kaka ashuke. Hakushuka. Nilimwita tena. Akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Mkono wangu uko chini."

Bapa liliposogea lilikuwa limemkamata mkono wa kushoto. Hakusema, tangu saa tano.

Nilipanda. Sajenti alinikataza, nikapanda. Chenge alinifuata na mtaimbo. Tulipofika, kaka alikuwa amelala ubavu, jiwe liko juu ya uso wake kiasi cha shubiri mbili. Aliniambia, "Usinivute. Inua upande ule, pumzi moja tu." Chenge aliinua. Sikumvuta, alijivuta mwenyewe. Vidole vitatu vilibaki chini ya jiwe. Tulishuka upande wa nyuma, mimi nimemshika kiunoni kama anavyoshikwa mtu aliyelewa. Hiyo ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tano.

Saa sita kasoro dakika mbili jiwe lilinyamaza na halikuanza tena. Lilianguka juu ya lile Isuzu. Mahali alipokuwa amekaa Antoni palibaki na urefu wa goti.

Sajenti Rwekaza alikuja pale tulipokuwa tumemkalisha kaka, akampigia saluti. Mimi nilikuwapo. Watu walipiga makofi. Kaka alitazama chini.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili, Chenge na watu wengine watano wa mlimani walikuja nyumbani kwangu. Chenge alisema, "Dada Selina, tumekubaliana. Ni mvua. Mvua imelegeza udongo, jiwe likaanguka. Hata polisi wanaamini hivyo. Malimi ni shujaa, tumwache na ushujaa wake." Kisha akasema, "Wakijua ni moto watatufukuza wote mlimani. Utakula nini?" Simlaumu Chenge. Aliinua mtaimbo ule. Ana watoto sita. Niliwakubalia.

Mnamo Alhamisi tarehe 17 Novemba, saa sita mchana, nilikwenda hospitalini kumwona kaka. Katika wodi hiyo hiyo alikuwamo Antoni. Walikuwa wamemkata mguu wa kulia chini ya goti, wa kushoto umefungwa. Mke wake anaitwa Teodora, alikuwa amevuka na kivuko asubuhi kutoka Sengerema. Alipoambiwa kaka yangu ndiye aliyelizuia jiwe, alikuja akapiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Shikamoo baba." Kaka aligeuza uso ukutani. Yule mama alidhani ni maumivu, akamfunika shuka vizuri.

Wakati natoka alinisindikiza hadi mlangoni. Akaniuliza, "Dada, hivi jiwe la ukubwa ule linaangukaje lenyewe?"

Nikasema, "Ni mvua."

Akasema, "Kumbe," akarudi ndani.

Usiku huo sikulala, lakini bado nisingekuja. Naomba nisionekane mwema kuliko nilivyo. Kutoka pale ninapopondea kokoto linaonekana gereza la Butimba, na nimewaona wanawake wanaopita na vikapu kuwatembelea watu wao. Nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Leo Ijumaa tarehe 18 Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilitoka nje kufagia nikaona moshi mweusi upande wa barabara. Nilipanda nikaenda kuangalia. Chini ya jiwe lililo jirani na pale alipokuwa Dume kulikuwa na matairi manne yanawaka. Jiwe hilo ni dogo kuliko Dume, lakini mteremko wake ni mkali zaidi, na chini yake ndipo wanaposimama watu wanaosubiri magari ya kwenda Usagara na Misungwi. Nilihesabu watu kumi na wawili. Hapakuwa na mtu kwenye moto. Malori ya kokoto yalikuwa yameshapanga foleni.

Niliwaambia wale watu kumi na wawili waondoke. Watano waliondoka. Mmoja aliniambia, "Mama, gazetini wamesema ni mvua, na leo jua linawaka."

Kutoka pale sikurudi nyumbani. Nilianza kuja huku, mwendo wa kukimbia na kutembea.

Afande ameniuliza nani amewasha moto huo wa leo. Sijui. Ningejua ningesema, kama ninavyomsema kaka yangu.

Afande ameniuliza kama nina ugomvi na kaka yangu. Sina. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua surua, mpaka zahanati, na hapakuwa karibu.

Moto wa tarehe 14 na 15 uliwashwa na Malimi Ndalahwa, nilimwona kwa macho yangu. Jiwe la pili tarehe 16 lilizuiliwa na Malimi Ndalahwa, kwa saa moja na dakika hamsini na tano, na hilo pia nililiona kwa macho yangu. Naomba yote mawili yaandikwe, na lisisomwe moja bila lingine. Aliniagiza niseme siku ile ile nikasema uongo, kwa hiyo kama kuna kosa la kuficha, hilo ni langu na si lake.

Sasa hivi, saa nne kasoro robo, redio imesema barabara imefungwa pande zote mbili. Haijasema kama moto umezimwa. Naomba kama nimemaliza nipelekwe, kwa sababu askari wale wawili hawajui kusikiliza.

Sina la kuongeza. Nimesomewa yote, ndivyo nilivyosema. Afande alipofika kwenye jina la kaka nimeomba lisomwe mara ya pili, ili niwe na hakika limeandikwa vizuri.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kulia) Selina Ndalahwa

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Mimi E. 4471 D/C Nathaniel nimeandika hapo juu kama shahidi alivyotamka, kwa Kiswahili, bila kumlazimisha. Maelezo yamefungwa saa 3:55 asubuhi.

Saa 4:20 nilifika na shahidi kona ya Mkuyuni. Askari walikuwa wameshawaondoa watu wote na walikuwa wakimwaga mchanga. Shahidi alisimama kando ya jiwe muda wa dakika ishirini akilisikiliza, kisha akawaambia askari waendelee. Moto ulizimwa saa 5:05. Jiwe halikusogea. Barabara imeachwa imefungwa mpaka wataalamu walikague. Mwashaji wa moto huo bado anatafutwa.

Saa 8:10 mchana nilifika hospitalini kwa Malimi Ndalahwa. Nilimweleza mimi ni nani na nimekuja kwa jambo gani, na nikamwonya kuwa halazimiki kusema chochote. Aliniuliza nani amenipa habari hizo. Sikutaka kumjibu, lakini alimwona shahidi amesimama mlangoni. Dereva Antoni na mkewe walikuwa wakisikia.

Alikaa kitandani, akaomba asaidiwe kuvaa shati kwanza. Shahidi aliingia akamfunga vifungo. Kisha alisema, "Andika. Niliwasha mimi."

Maelezo yake yameandikwa kwenye karatasi ya peke yake.

(Sahihi) D/C Nathaniel
18/11/1994